Mlango Haukufungika, Ulifungwa: Moses Fleetwood Walker na Besiboli ya Marekani

Tarehe 15 Aprili 1947 Jackie Robinson, Mmarekani mweusi, aliingia uwanjani mjini Brooklyn akiwa mchezaji wa timu ya Dodgers, na tangu siku hiyo jina lake limeandikwa vitabuni kuwa la mtu aliyeuvunja ubaguzi wa rangi katika mchezo wa besiboli. Sifa hiyo ni haki yake, wala hapana anayeweza kumnyang'anya. Hata hivyo masimulizi hayo, yakisomwa peke yake, humwachia mwanafunzi dhana ya kwamba kabla ya Robinson hapakuwa na mtu mweusi aliyepata kucheza katika ligi kubwa za nchi hiyo, na kwamba kukosekana kwao kulikuwa ni hali ya kale tu, kama vile watu wa kale walivyokosa umeme na ndege. Sivyo ilivyokuwa. Miaka 63 kabla ya siku hiyo, mwaka 1884, mtu mweusi aitwaye Moses Fleetwood Walker alicheza mechi 42 katika ligi kubwa, mbele ya watazamaji waliolipa viingilio, naye akilipwa mshahara kama wenzake. Kisha akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mtu huyo alivyoingia, jinsi alivyocheza, na jinsi mlango ulivyofungwa. Besiboli si mchezo mkubwa katika nchi zetu, lakini si mgeni kabisa: mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza katika mashindano ya dunia ya watoto yanayofanyika Williamsport, Pennsylvania. Zaidi ya hayo, maisha ya Walker yana funzo kwa kila anayefundisha historia, na lina funzo maalumu kwa sisi tunaofundisha Kiswahili, ambalo tutalifikia mwishoni.

Maneno machache juu ya mchezo wenyewe

Msomaji anayeijua kriketi atauelewa upesi. Timu mbili, kila moja ina watu tisa, hupokezana zamu. Mrushaji huutupa mpira kwa nguvu. Mpigaji wa timu ya pili hujaribu kuupiga kwa rungu, kisha hukimbia kuzunguka vituo vinne. Nyuma ya mpigaji huchuchumaa mdakaji, ambaye kazi yake ni kuudaka kila mpira usiopigwa. Mdakaji ndiye anayeuona uwanja wote mbele yake. Kwa hiyo humwashiria mrushaji kwa vidole aurushe mpira wa namna gani, ili yeye naye awe tayari kuupokea mahali utakapofikia.

Katika miaka ya 1880 kazi ya mdakaji ilikuwa ya mateso. Glavu nene za leo hazikuwapo. Wengine walidaka kwa mikono mitupu. Wengine walivaa glavu nyembamba za ngozi zisizozuia kitu. Mrushaji alisimama umbali wa futi 50 tu, ilhali leo husimama futi 60 na inchi 6. Vidole vilivunjika, kucha ziling'oka, na mdakaji mmoja aghalabu hakuweza kucheza siku mbili mfululizo. Hiyo ndiyo nafasi aliyoishika Walker.

Kuzaliwa na elimu

Walker alizaliwa tarehe 7 Oktoba 1856 katika mji mdogo wa Mount Pleasant, jimbo la Ohio, na akakulia Steubenville, mji wa jimbo hilohilo ulio kando ya mto. Ohio ilikuwa jimbo lisilo na utumwa, na Mount Pleasant ilikuwa na watu wengi waliowasaidia watumwa waliotoroka kutoka majimbo ya kusini. Baba yake alikuwa mganga na mchungaji wa kanisa la Kimethodisti. Kijana Walker alikuwa na umri wa miaka tisa utumwa ulipopigwa marufuku katika nchi nzima mwaka 1865, na umri wa miaka kumi na mitatu wanaume weusi walipothibitishiwa haki ya kupiga kura mwaka 1870. Kizazi chake, basi, ndicho kilichokua katika matumaini makubwa kuliko chochote kilichotangulia.

Alisoma katika Chuo cha Oberlin, ambacho tangu mwaka 1835 kilikuwa kimeamua kuwapokea wanafunzi weusi. Huko ndiko alikojulikana kuwa mdakaji hodari. Kisha akahamia Chuo Kikuu cha Michigan kusoma sheria, akaichezea timu ya chuo hicho. Tukumbuke kwamba wakati ule wachezaji wengi wa kulipwa hawakuwa wamesoma sana; walitoka viwandani, migodini na katika familia za wahamiaji. Walker alikuwa msomi miongoni mwao.

Dalili ya mambo yajayo ilionekana mapema. Mwezi wa Agosti 1881 alikwenda mjini Louisville, Kentucky, na timu ya kampuni moja ya cherehani ya Cleveland. Wenyeji walikataa kucheza iwapo yeye angekuwamo uwanjani. Timu yake ikacheza bila yeye, ikashindwa.

Toledo, 1883 na 1884

Mwaka 1883 Walker alijiunga na timu ya kulipwa ya mji wa Toledo, Ohio. Hata kabla ya msimu kuanza, mjumbe wa klabu ya Peoria alipeleka hoja katika kikao cha ligi ili watu weusi wakatazwe kucheza. Hoja hiyo ilijadiliwa, ikapingwa, ikaachwa. Jambo hili ni la kuangaliwa sana: mwaka 1883 ubaguzi ulijaribu kuingia katika sheria za ligi, ukashindwa. Walker alicheza, na Toledo ikawa bingwa wa ligi hiyo.

Tarehe 10 Agosti mwaka huohuo timu ya Chicago ilifika Toledo kwa mechi ya kirafiki. Chicago ilikuwa imetwaa ubingwa wa ligi kuu miaka mitatu mfululizo, na nahodha wake, Adrian Anson, aliyeitwa na watu "Cap", alikuwa miongoni mwa wachezaji mashuhuri kuliko wote nchini. Alipomwona Walker alisema kwa maneno machafu kwamba timu yake haitacheza na mtu mweusi. Siku hiyo Walker alikuwa ameumia mkono, wala hakupangwa kucheza. Lakini meneja wa Toledo, Charlie Morton, aliposikia maneno yale, alimpanga Walker makusudi katika nafasi ya nje upande wa kulia, akamwambia Anson kwamba wakikataa kucheza watakosa fungu lao la fedha za viingilio. Anson akayameza maneno yake. Mechi ikachezwa mpaka duru ya kumi, na Chicago ikashinda kwa 7 kwa 6.

Siku ile ubaguzi ulishindwa na fedha pamoja na ujasiri wa mtu mmoja. Hatuwezi kuyapima mambo yaliyofuata bila kuikumbuka, kwani inathibitisha kwamba njia nyingine ilikuwapo, na kwamba watu wa wakati ule waliiona.

Ni vema pia tuitazame tarehe. Miezi miwili baadaye, tarehe 15 Oktoba 1883, Mahakama Kuu ya Marekani iliitangua sheria ya mwaka 1875 iliyokuwa imekataza ubaguzi katika nyumba za wageni, vyombo vya usafiri na kumbi za burudani. Majaji walisema Katiba inaizuia serikali kubagua, lakini haiwazuii watu binafsi. Kwa hiyo mwenye hoteli, mwenye reli na mwenye uwanja wa mpira waliachiwa huru wafanye watakavyo.

Mwaka 1884 timu ya Toledo ilipandishwa ikaingia American Association, ambayo ilihesabiwa kuwa ligi kuu pamoja na National League. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 1 Mei, na mahali pake palikuwa Louisville, mji uleule uliomkataa Walker miaka mitatu nyuma. Safari hii aliingia uwanjani. Alifanya makosa kadhaa siku hiyo, na Toledo ikashindwa. Lakini alikuwa ameanza.

Katika msimu huo alicheza mechi 42. Alisimama kupiga mara 152, akafanikiwa mara 40, yaani wastani wa .263, ambao ulikuwa juu ya wastani wa ligi nzima. Mdogo wake, Weldy Walker, naye aliitwa kujaza nafasi wakati majeruhi walipokuwa wengi, akacheza mechi tano. Hivyo ndugu wawili wa tumbo moja waliichezea timu moja ya ligi kuu.

Mrushaji asiyetazama ishara

Adui wa Walker hakuwa nje ya timu tu. Mrushaji mkuu wa Toledo alikuwa Tony Mullane, mzaliwa wa Ireland, mtu mwenye kipaji kikubwa aliyeshinda mechi 36 msimu ule. Miaka mingi baadaye, mwaka 1919, Mullane alikiri mwenyewe mbele ya mwandishi wa gazeti kwamba Walker alikuwa mdakaji bora kuliko wote aliopata kufanya nao kazi, lakini kwa kuwa yeye hakuwapenda watu weusi, alikuwa akirusha mpira wowote aliotaka bila kuzitazama ishara za Walker. Siku moja Walker alimwendea akamwambia kwamba tangu sasa ataidaka mipira yake bila ishara zozote. Akafanya hivyo msimu mzima.

Yatupasa tulipime vizuri jambo hili. Mdakaji anachuchumaa bila kinga ya kutosha. Mpira unakuja kwa kasi kutoka futi 50. Mrushaji, ambaye ni mwenzake wa timu, anamficha utakapoelekea. Kila mpira mmoja ulikuwa ni fumbo na hatari. Lakini Mullane alishinda mechi nyingi, na sehemu ya ushindi huo ilibebwa na mikono ya mtu aliyemdharau. Makosa yaliyohesabiwa katika daftari za msimu yaliandikwa kwa jina la Walker. Daftari hizo hazikuwa na safu ya kuandika ni nani aliyekataa kutazama ishara.

Mwezi wa Julai timu ya Chicago ilikuja tena Toledo. Mara hii Chicago ilikuwa imekwisha kuandika barua mapema ikitaka ihakikishiwe kwamba hapatakuwa na mtu mweusi uwanjani. Walker hakucheza. Kilichoshindwa kwa kelele mwaka 1883 kilishinda kwa barua ya ofisini mwaka 1884.

Septemba, kabla ya Toledo kwenda kucheza Richmond, Virginia, meneja Morton alipokea barua yenye majina manne chini yake. Ilisema kwamba watu 75 wamekula kiapo kumshambulia Walker endapo atatokea uwanjani. Lakini Walker alikuwa tayari ameumia, na mechi yake ya mwisho katika ligi kuu ilikuwa imechezwa tarehe 4 Septemba. Kabla mwezi huo haujaisha klabu ilimwachilia. Toledo yenyewe ilishindwa kumudu gharama, ikatoka katika ligi hiyo mwishoni mwa mwaka.

Siku moja ya Julai, 1887

Kutoka ligi kuu hakukuwa mwisho wa Walker. Alicheza Cleveland, akacheza Waterbury, na mwaka 1887 akaenda Newark, New Jersey, katika International League, ligi iliyokuwa ngazi moja tu chini ya zile kuu. Huko alimkuta George Stovey, mrushaji mweusi aliyeshinda mechi zaidi ya 30 msimu huo. Katika ligi hiyohiyo walikuwapo Frank Grant wa Buffalo na Bud Fowler wa Binghamton. Huyu Fowler alikuwa ameanza kulipwa kwa kucheza tangu mwaka 1878. Kwa kifupi, watu weusi walikuwa wameanza kuwa wengi, nao walikuwa wakishinda. Huo ndio wakati uchungu wa wenzao ulipozidi.

Tarehe 14 Julai 1887 mambo mawili yalitokea. Mjini Newark, Chicago ya Anson ilikuja kwa mechi ya kirafiki. Stovey, aliyetazamiwa kurusha, hakuonekana uwanjani, na ikasemwa kuwa ni mgonjwa. Walker naye hakucheza. Siku hiyohiyo mjini Buffalo, wakurugenzi wa International League walikutana, wakapiga kura. Klabu sita dhidi ya nne ziliamua kwamba tangu siku hiyo pasiwe na mikataba mipya kwa wachezaji weusi. Zile klabu nne zilikuwa na wachezaji weusi. Zile sita hazikuwa nao.

Mwezi Septemba wa mwaka huo wachezaji wa St. Louis, mabingwa wa American Association, walimwandikia mwenye klabu yao barua ya kukataa kucheza mechi ya kirafiki na timu ya watu weusi. Mechi haikuchezwa.

Watu wengi wamemtupia Anson lawama yote. Ni kweli kwamba sauti yake ilikuwa kubwa, na kwamba jina lake liliwapa wengine ujasiri. Lakini mtu mmoja hana uwezo wa kuzifunga ligi zote za nchi kubwa kama ile. Palihitajika wakurugenzi wa kupiga kura, wachezaji wa kutia saini, wamiliki wa kupokea barua na kuziitikia, na waandishi wa kuandika kwamba mrushaji ni mgonjwa. Tena palihitajika ukimya. Katika ligi kuu haikuandikwa kamwe sheria ya kuwakataza watu weusi; yalikuwa ni makubaliano ya waungwana, yasiyo na karatasi wala saini. Sheria iliyoandikwa hupingwa mahakamani au kikaoni, kama ile hoja ya Peoria. Mwiko usioandikwa haupingiki, maana kila anayeulizwa hujibu kwamba yeye hajaukataza.

Weldy Walker hakunyamaza. Machi 1888, baada ya ligi moja ya Ohio kutunga kanuni ya kuwazuia watu weusi, aliandika barua katika gazeti la michezo, The Sporting Life. Alidai kwamba kanuni kama hiyo ni fedheha kwa jimbo lenye sheria za usawa, na kwamba mtu akikataliwa, basi akataliwe kwa kukosa uwezo, akili au mwenendo mwema, si kwa rangi ya ngozi yake. Barua yake ilichapishwa.

Moses Walker aliendelea kucheza Syracuse, New York, mwaka 1888 na 1889. Alipoondoka, hapakuwa tena na mchezaji mweusi katika International League kwa zaidi ya nusu karne. Aliyefuata aliingia mwaka 1946 akiichezea Montreal, naye alikuwa Jackie Robinson.

Baada ya uwanja

Maisha ya Walker baada ya besiboli hayakunyooka, wala si kazi yetu kuyanyoosha. Mwezi wa Aprili 1891, mjini Syracuse, alizozana barabarani na kundi la wanaume weupe. Katika ugomvi huo alimchoma mmoja wao kwa kisu, naye akafa. Walker alishtakiwa kwa mauaji, akajitetea kwamba alikuwa akiilinda nafsi yake, na baraza la wazee wa mahakama, ambao wote walikuwa weupe, likamwachia huru. Baadaye alifanya kazi ya posta katika treni, na mwaka 1898 akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa kuiba barua.

Upande mwingine, alikuwa mtu wa akili yenye kuchemka. Mwaka 1891 alipata hataza ya kombora la mizinga alilolibuni, na mwaka 1920 akapata nyingine kwa ajili ya vifaa vya kuonyeshea sinema. Aliendesha jumba la michezo ya kuigiza na sinema katika mji wa Cadiz, Ohio. Pamoja na Weldy alihariri gazeti lililoitwa The Equator, yaani Ikweta.

Mwaka 1908 alichapisha kijitabu, Our Home Colony, ambacho chatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Humo aliieleza historia ya watu weusi wa Marekani tangu utumwani, akahitimisha kwamba chuki ya watu weupe haitatibika, na kwamba dawa ni moja tu: kuhama na kurudi Afrika. Marcus Garvey alikuwa bado hajaanzisha chama chake, Walker alitangulia.

Hapa msomaji wa Kiafrika hana budi kusita. Afrika aliyoitazamia Walker ilikuwa ipi? Mkutano wa Berlin, ambako mataifa ya Ulaya yaliafikiana juu ya kanuni za kuligawana bara hili, ulianza Novemba 1884, miezi miwili tu baada ya Walker kucheza mechi yake ya mwisho katika ligi kuu. Alipoandika kijitabu chake, ukiacha Ethiopia na Liberia, karibu nchi zote za Afrika zilikuwa chini ya wageni, na damu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 ilikuwa haijakauka. Mtu aliyefungiwa mlango kwao alikuwa akitafuta hifadhi katika nyumba ambayo wenyewe walikuwa wamenyang'anywa funguo. Hatumcheki kwa hilo. Twasema tu kwamba kukata tamaa kwake kulikuwa na sababu, na sababu hiyo ilikuwa imeenea mbali kuliko alivyodhani.

Walker alifariki mjini Cleveland tarehe 11 Mei 1924, akiwa na umri wa miaka 67, akazikwa Steubenville. Kaburi lake lilikaa bila jiwe lenye jina hadi miaka ya 1990, watu wa Oberlin walipomwekea. Anson aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa Besiboli mwaka 1939. Grant aliingizwa mwaka 2006, na Fowler mwaka 2022. Walker hayumo.

Nani wa kwanza?

Kwa muda mrefu waliojua habari hizi walisema kwamba Walker, na si Robinson, ndiye mtu mweusi wa kwanza katika ligi kuu. Watafiti wa miaka ya 2000 wamegundua jambo jingine. Tarehe 21 Juni 1879 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Brown, William Edward White, aliichezea timu ya Providence mechi moja tu. White alizaliwa Georgia, mama yake akiwa mtumwa na baba yake akiwa bwana aliyemmiliki mama huyo. Ngozi yake ilikuwa nyeupe kiasi cha kupita machoni pa watu, naye aliishi akihesabiwa kuwa mzungu.

Basi wa kwanza ni nani? White alitangulia kwa tarehe, lakini hakuna uwanjani aliyejua. Walker alitangulia kwa kujulikana: aliingia kila uwanja akiwa mtu mweusi, akatukanwa kwa hilo, akatishwa kwa hilo. Robinson alitangulia kwa kuurudisha mlango uliokuwa umefungwa, usifungwe tena. Kila mmoja ni wa kwanza wa jambo lake. Mwalimu akiandika ubaoni "wa kwanza" bila kueleza wa kwanza wa nini, amempa mwanafunzi neno bila maana yake.

Kufungwa na kufungika

Sasa tulifikie lile jambo la lugha. Sote huwafundisha wanafunzi tofauti ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Chungu kikivunjwa, yuko aliyekivunja. Chungu kikivunjika, kimevunjika tu, na mtoto aliyekuwa karibu nacho huipenda sana kauli hiyo. Lugha yetu imetupa vyombo viwili, na mwenye kusema huchagua.

Historia ya ubaguzi aghalabu husimuliwa kwa kauli ya kutendeka. Husemwa kwamba nafasi za watu weusi zilitoweka, kwamba ligi ziligawanyika kwa rangi, kwamba mlango ulifungika. Lakini tumeona kwamba palikuwa na hoja ya Peoria, na barua ya Chicago, na kura sita dhidi ya nne, na saini za wachezaji wa St. Louis, na mrushaji aliyegeuza macho asione ishara. Palikuwa pia na Charlie Morton, ambaye kwa siku moja aliuzuia mlango kwa mguu wake. Mlango haukufungika, ulifungwa. Na kauli ya kutendwa inayo fadhila hii, kwamba hata mtenda asipotajwa, inamwachia mwanafunzi mlango wa kuuliza: na nani?

Swali hilo ndilo tunalopaswa kulizoeza darasani, liwe somo la sarufi au la historia. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza "na nani?" hatasoma habari za mechi 42 za mwaka 1884 akadhani kwamba Walker alicheza kidogo kwa sababu alikuwa na uwezo kidogo. Atajua kwamba ufupi wa kazi ya mtu wakati mwingine ni kipimo cha waliomzunguka. Atajua pia kwamba haki iliyokwisha kupatikana inaweza kunyang'anywa mchana kweupe, kikaoni, kwa kura chache, huku gazeti la kesho likiandika kwamba mrushaji alikuwa mgonjwa.